Nyuki Asiye na Asali

Wahenga walisema: fuata nyuki ule asali. Methali hii hufundishwa watoto ili wajue faida ya kuandamana na watu wenye bidii na maarifa, na katika kuifundisha, aghalabu hapana anayesita kuuliza iwapo kila nyuki ana asali. Swali hilo huonekana la kitoto. Hata hivyo wataalamu wa wadudu wamekwisha kulijibu, na jibu lao linaitikisa methali yenyewe. Spishi za nyuki zinazojulikana duniani zimezidi 20,000. Katika hizo, zile za ukoo wa nyuki wa mzinga hazifiki hata 15. Hata wakiongezwa nyuki wadogo wasiouma, ambao nao huweka asali kidogo katika mapango ya miti, bado walio wengi mno hawana mzinga, hawana malkia, wala hawana akiba ya kurinwa. Jike huchimba shimo lake peke yake ardhini, au hutafuta kijiti chenye uwazi. Huweka humo chavua aliyoikusanya, hutaga yai juu yake, huziba mlango na kwenda zake. Aghalabu hufa kabla ya kumwona mwanawe.

Basi ikiwa nyuki hafuatwi ila kwa sababu ya asali, nyuki huyu afuatwe kwa sababu gani? Ana haki gani juu ya mwanadamu, na mwanadamu anadaiwa nini naye? Swali hili si la wafuga nyuki peke yao. Ni swali la kila jambo lisilolipa: la lugha yenye wasemaji wachache, la fani ya ushairi isiyo na soko, la mzee asiyeweza tena kufanya kazi. Lakini linafaa kwanza liulizwe pale lilipozuka, yaani katika elimu, kwa kuzitazama elimu mbili ambazo mtu asingetarajia kuzikuta katika sentensi moja: elimu ya nusu-vipitishi na elimu ya nyuki wa mwituni. Ya kwanza imeijaza dunia simu, kompyuta na taa. Ya pili imeyajaza makabati ya makumbusho wadudu waliochomwa pini, kila mmoja na kikaratasi chake cha jina, mahali na tarehe. Mtu akiambiwa achague ipi kati ya hizo mbili ipewe fedha za umma, hatafikiri sana.

Nusu-kipitishi ni kitu kisichopitisha umeme kwa wepesi kama shaba, wala kisichouzuia kabisa kama kioo. Kinachojulikana zaidi ni silikoni, ambayo asili yake ni mchanga na mawe ya kawaida. Silikoni ya kutengenezea kompyuta husafishwa mpaka atomu ngeni isizidi moja katika bilioni, kisha hukuzwa iwe fuwele moja isiyo na kiungo, kwa njia iliyotokana na ugunduzi wa Jan Czochralski, mtaalamu wa Kipoland, mwaka 1916. Ndani ya fuwele hiyo kila atomu ina mahali pake, kama silabi ndani ya shairi lililotimiza mizani. Mtu angedhani kwamba hapo ndipo kazi ilipokwisha. La kustaajabisha ni kwamba silikoni iliyotakasika kiasi hicho haina matumizi makubwa. Hupitisha umeme kidogo mno. Nguvu yake huamka pale inapotiwa, kwa kipimo, atomu chache za kigeni: fosforasi upande mmoja, boroni upande wa pili. Atomu moja ngeni katika milioni yatosha kuigeuza tabia yake. Transista, kiungo ambacho kompyuta zote zimejengwa juu yake, ni mpaka uliowekwa baina ya wageni wa aina mbili ndani ya nyumba moja.

Kwa hiyo elimu hii, ambayo kwa mbali huonekana kuabudu usafi, kwa ndani ni elimu ya kukiheshimu kidogo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na mtengenezaji wa nusu-vipitishi akiidharau chembe moja ya vumbi, kazi yake huharibika. Uangalifu huo ni adili, na si haki kuwanyima sifa yake wale waliouzoea kwa kuwa tu wamelipwa.

Kisa cha mwanga wa buluu kinaudhihirisha uangalifu huo zaidi. Kwa miaka mingi diodi za kutoa mwanga mwekundu na wa kijani zilikuwapo, lakini ya buluu yenye nguvu haikuwapo, na bila ya buluu haikuwezekana kupata mwanga mweupe. Kitu kimoja kilichodhaniwa kwamba kingefaa ni galiamu nitraidi. Wengi walikijaribu, wakakiacha, kwa sababu fuwele zake zilitoka na nyufa na kasoro. Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano, katika Chuo Kikuu cha Nagoya huko Japani, hawakukiacha. Mwaka 1986 walifanikiwa kukuza fuwele nzuri kwa kuweka kwanza tabaka jembamba la alumini nitraidi juu ya yakuti. Miaka michache baadaye waliona, bila ya kutarajia, kwamba fuwele yao iliyotiwa atomu ngeni iling'aa zaidi kila ilipotazamwa kwa darubini ya elektroni, na hapo wakaupata mlango waliokuwa wakiutafuta. Shuji Nakamura, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni moja kisiwani Shikoku, aliifuata njia hiyo hiyo kwa mbinu zake mwenyewe. Mwaka 2014 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Na fuwele ile, hata baada ya kufanikiwa, ilibaki na mamia ya mamilioni ya kasoro katika kila sentimita moja ya mraba. Kasoro kiasi hicho zingeuzima mwanga katika vitu vingine vya jamii yake. Hii iling'aa nazo.

Matunda ya kazi hiyo yamefika mpaka pwani. Wavuvi wa dagaa, ambao zamani walitoka usiku na karabai, sasa wengi hutumia taa za diodi zinazowaka kwa betri. Mtoto katika kijiji kisichofikiwa na nguzo za umeme husomea taa ndogo iliyoshiba jua mchana. Hapana mwenye akili atakayeibeza neema hii.

Lakini itazamwe vizuri hoja inayotolewa na kisa hicho. Watu hukisimulia ili kuonyesha kwamba subira huvuta heri, na kwamba kitu kilichotupwa na wengi kinaweza kuwa hazina. Ni kweli. Hata hivyo Akasaki anasifiwa kwa kuwa asali ilipatikana. Lau galiamu nitraidi ingekataa kung'aa mpaka mwisho wa maisha yake, miaka yake ingehesabiwa kuwa imepotea, na jina lake lisingetajwa na mtu. Basi kisa hiki, pamoja na uzuri wake wote, hakijatoka nje ya methali. Kinasema tu: mfuate nyuki hata kama safari ni ndefu, maana asali iko mbele. Hakisemi lolote juu ya nyuki ambaye mbele yake hapana asali.

Nyuki wa namna hiyo yuko katika visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia. Visiwa hivyo si vigeni kabisa kwa watu wa Unguja na Pemba, kwa kuwa huko ndiko asili ya mkarafuu. Kisiwa cha Bacan ni kimojawapo cha visiwa vichache vilivyojulikana tangu zamani kuwa nyumbani kwa mti huo. Mataifa yaligombana kwa ajili yake, na mbegu zake zikasafirishwa mpaka zikafika Zanzibar katika karne ya 19. Katika misitu ya Bacan alikuwapo pia nyuki mkubwa kupita nyuki wote, jike lake likiwa na urefu wa kiasi cha kidole gumba cha mtu. Katikati ya karne hiyo hiyo Alfred Russel Wallace, msafiri na mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza, alimkuta huko na kumpeleka kwao. Baada ya hapo nyuki huyo hakuonekana tena na mtaalamu yeyote kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka mwaka 1981 alipotafutwa na Adam Messer. Messer aligundua kwamba hujenga makao yake ndani ya viota vya mchwa mitini, na kuta zake huzipaka utomvu ili mchwa wasiingie. Kisha akapotea tena. Januari 2019 alionekana, akapigwa picha akiwa hai kwa mara ya kwanza.

Karafuu ilijulikana na dunia nzima, na nyuki aliyeishi msitu mmoja nayo hakujulikana ila na wenyeji wake. Tofauti baina ya viwili hivyo haikuwa katika umbo, wala katika umri, wala katika ajabu ya maisha yao. Tofauti ni kwamba kimoja kilikuwa na bei.

Mfano wa pili hauna furaha ya kupotea na kuonekana. Kusini mwa jimbo la Oregon na kaskazini mwa California, nchini Marekani, palikuwa na nyuki mnene mwenye manyoya, ajulikanaye kwa jina la kitaalamu kuwa Bombus franklini. Eneo lake lilikuwa dogo kuliko la takriban kila nyuki wa jamii yake. Robbin Thorp, profesa wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis, alianza kuwahesabu mwaka 1998 akapata 94. Mwaka 2003 aliona watatu. Miaka miwili iliyofuata hakumwona hata mmoja. Agosti 2006 alimwona mmoja katika mlima Ashland. Na huyo ndiye wa mwisho kuonwa na mtu yeyote mpaka leo. Thorp aliendelea kurudi mlimani kila majira ya maua, akipita baina ya maua na wavu wake, mpaka uzee ukamzidi. Alifariki mwaka 2019. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilimtia nyuki huyo rasmi katika orodha ya viumbe walio hatarini, hali miaka 15 ilikuwa imepita bila ya kuonekana.

Je, miaka ile ya Thorp mlimani ilikuwa kazi bure? Hakuleta dawa, hakuleta taa. Alileta tarakimu zinazoteremka, kisha sifuri.

Watetezi wa nyuki wa mwituni, kwa kuujua ukali wa swali hili, wamejaribu kulijibu kwa lugha ya soko, na mwanzoni jibu lao lilikuwa na nguvu. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti uliokusanya habari za mifumo 41 ya mazao katika sehemu mbalimbali za dunia. Ulionyesha kwamba wadudu wa mwituni walipozidi kuyazuru maua, matunda nayo yalizidi kutunga, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mahali; ilhali ziara za nyuki wa mzinga ziliongeza matunda kwa kiasi cha kuonekana katika asilimia 14 tu ya mifumo hiyo. Karibu zaidi na nyumbani, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 juu ya mabilingani ya Nguruman, nchini Kenya, ulieleza jambo hilo kwa undani. Ua la bilingani huficha chavua yake ndani ya vijibomba vyenye tundu ndogo nchani. Nyuki wa mzinga hana ujuzi wa kuitoa. Anayeweza ni yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa boriti, pamoja na jamaa zake wachache wa mwituni, ambao hulikumbatia ua na kulitikisa kwa mtetemo wa misuli yao mpaka chavua imwagike. Na kwa kuwa ua hilo halina mbochi, yaani maji matamu ya kumlisha mgeni, nyuki hao hulazimika kwenda kula porini. Mkulima akilifyeka pori lote ili kuongeza shamba, anamfukuza mfanyakazi asiyemjua, naye hajui kwa nini mavuno yamepungua.

Hoja hii inavutia, kwa sababu inamrudishia nyuki asiye na asali asali ya namna nyingine. Lakini elimu ina ukatili wake: haimpi mtu jibu alitakalo. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti walikusanya hesabu za mashamba zaidi ya elfu moja katika nchi nyingi, wakaona kwamba karibu asilimia 80 ya uchavushaji wa mazao unaofanywa na nyuki wa mwituni hufanywa na asilimia 2 tu ya spishi zao. Na hizo ni zile za kawaida, zilizo nyingi, zisizo katika hatari. Watafiti hao, ambao wenyewe ni marafiki wa nyuki, walikiri wazi kwamba hoja ya faida haitoshi kumhifadhi nyuki adimu. Kwa hesabu ya soko, yule wa Maluku na yule wa mlima Ashland hawana kazi.

Hapa ndipo swali la kimaadili linapobaki uchi, bila ya nguo ya uchumi. Baadhi ya watu hulivika nguo nyingine upesi: husema kwamba nyuki adimu ni akiba, kwani hapana ajuaye kesho atahitajika nani. Mwaka wa ukame au wa maradhi, walio wengi leo huenda wakapungua, na aliye mchache akasimama mahali pao. Hoja hiyo ni ya busara, na galiamu nitraidi ni shahidi wake, kwa kuwa nayo ilikuwa kitu kisicho na kazi mpaka siku ilipopata kazi. Lakini hoja ya akiba nayo ni methali ya asali iliyosogezwa mbele. Anayemlea jirani yake masikini kwa kutumai kwamba siku moja atakuwa tajiri, hajamfanyia jirani wema. Amefanya biashara ya mkopo.

Watu wa pwani wana neno moja ambalo hulitumia kuhukumia mambo ya namna hii, nalo ni utu. Utu haupimwi kwa jinsi mtu anavyomtendea anayemfaa, kwani hilo hata mchuuzi mjanja hulitenda. Hupimwa kwa jinsi anavyomtendea asiyeweza kumlipa: mgeni atakayeondoka kesho, kichaa wa mtaani, maiti asiye na jamaa. Itasemwa kwamba hao wote ni binadamu, na nyuki ni mdudu. Ni kweli, na atakayewaweka katika daraja moja amekosea. Lakini daraja kuwa mbalimbali hakumaanishi kwamba la chini halina haki yoyote. Pengine haki ya nyuki ni ndogo sana. Pengine haizidi mambo mawili: asiangamizwe kwa uzembe, na akiangamia, asiangamie bila ya shahidi. Haki hiyo ndogo ndiyo Thorp aliyoilipa kwa miguu yake. Aliweza kuipuuza na hapana ambaye angemlaumu. Kazi yake haikumwokoa nyuki yule, lakini ilizuia jambo moja baya zaidi, yaani kiumbe kilichoishi duniani kwa dahari kisitoweke pasiwe na mtu hata mmoja aliyesema: alikuwapo hapa, na leo hayupo.

Kuna mahali ambapo elimu hizi mbili zimekutana ana kwa ana, na ndipo mizani ya swali hili ilipo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watafiti nchini Uswisi walisimamisha taa za barabarani katika mbuga za maua ambazo kabla ya hapo zilikuwa gizani, kisha wakazilinganisha na mbuga zilizoachwa na giza lake. Taa hizo zilikuwa za diodi, uzao wa ile fuwele ya buluu. Ziara za wadudu wa usiku, kama nondo na mbawakawa, zilipungua kwa asilimia 62. Mmea mmoja walioufuatilia ulipungukiwa na matunda kwa asilimia 13, ijapokuwa nyuki na wadudu wengine wa mchana waliendelea kuuzuru. Wachavushaji wa mchana hawakuweza kuliziba pengo la wale wa usiku. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mtu aweza kuuliza kwa haki: je, mtoto yule wa kijijini aizime taa yake ili nondo wasipotee njia? Mvuvi arudi kwenye karabai? Hapana. Mwenye kudai hivyo hajui giza ni nini kwa mtu asiyelichagua. Lakini swali hilo, likichunguzwa, halihusu taa ya mtoto. Taa yake ni ndogo, huangaza kurasa mbili na kuzimwa. Linahusu taa zinazoachwa zikawaka mpaka alfajiri juu ya barabara tupu, na zinazomwaga nusu ya mwanga wake juu, mahali ambapo hapana msomaji wala mpita njia. Kuifunika taa hiyo, kuielekeza chini, kuipunguza saa za usiku mkubwa, hakumnyimi mtu neema yoyote. Kunamtaka tu akumbuke kwamba usiku una wenyeji wengine. Na waliotengeneza fuwele kwa kuhesabu atomu moja katika milioni hawawezi kudai kwamba kukumbuka kidogo ni kazi isiyowezekana. Kipimo wanakijua kuliko watu wote. Kilichosalia ni kukitumia nje ya maabara.

Kwa hiyo ugomvi hauko baina ya taa na nyuki, wala baina ya elimu inayotengeneza na elimu inayotambua. Zote mbili zimezaliwa na uangalifu mmoja wa kukitazama kidogo mpaka kiseme. Zinachotofautiana ni kwamba ya kwanza hukiuliza kidogo kitafanya nini, na ya pili hukiuliza ni nani. Jamii inayojua swali la kwanza peke yake itatajirika, kisha siku moja itayageuzia swali hilo hilo makaburi yake, mashairi yake na wazee wake, na haitakuwa na jibu.

Methali ya wahenga haina haja ya kufutwa. Aliyefuata nyuki akala asali amefanya vyema, na asali ni halali yake. Lakini methali ina vipande viwili, na cha kwanza kinaweza kusimama peke yake. Mlimani Ashland, mzee mwenye wavu alikisimamisha kwa miaka 12 baada ya cha pili kupotea. Alimfuata nyuki.